Mzazi na mtoto wanaopenda farasi, Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Tanga mjini, Muheza, Mkinga na Pangani. Mtu wa Arusha anaweza kuyasoma, ila asiyafuate yote: wadudu wetu, mchanga wetu na joto letu si vya kule.

Mimi na mwanangu tumejikuta sote tunapenda farasi, lakini mtaani kwetu hakuna hata mmoja. Tuanzie wapi?

Farasi waliopo Tanga ni wachache na wengi wao ni mali ya watu binafsi. Mafunzo ya kupanda yanapatikana Dar es Salaam, kilomita 350 hivi kwa barabara, na kaskazini, upande wa Kilimanjaro na Arusha. Kwa familia nyingi mpango unaotekelezeka ni safari ya siku mbili tatu wakati wa likizo ya Juni au ya Desemba. Miezi ya katikati mnajifunza kazi za chini: kufunga fundo, kusafisha kwato, kusoma masikio na mkia, kupima uzito. Kazi zote hizo zinafanyika kwa punda, na punda wapo.

Kabla ya kulipia, piga simu uulize kama mwanafunzi anaruhusiwa kumhudumia farasi kabla na baada ya kumpanda, kama kofia za saizi ya mtoto zipo, nani atakayeshika kamba, na farasi wamechanjwa lini. Mahali wanapokupandisha, kukuzungusha nusu saa na kukushusha ni pa kupigia picha. Si vibaya, ila msitarajie kurudi mmejifunza.

Kwa nini pwani kuna farasi wachache hivi?

Sababu kubwa ni wadudu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hubeba vimelea vya nagana. Farasi akiambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka, anapungukiwa damu, anakonda huku bado anakula, kisha tumbo lake linavimba kwa chini. Punda huhimili kuliko farasi, ndiyo maana yeye utamkuta kila mahali. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla safari haijafika mbali.

Adui wa pili ni usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma jioni na alfajiri. Hao hueneza tauni ya farasi wa Afrika. Ugonjwa huu haupiti kwa kugusana, lakini ule wa mapafu huua karibu kila farasi unayempata: asubuhi ameamka mzima, jioni povu linamtoka puani. Aina nyingine hushika moyo, na dalili yake ya kuonekana kwa urahisi ni uvimbe kwenye vile vishimo viwili vilivyo juu ya macho. Pundamilia na punda hubeba virusi hivyo bila kuugua sana, na pundamilia Saadani wapo.

Tanga ina nafasi yake katika historia ya kupambana na mbung'o. Kituo cha utafiti wa mbung'o kilichopo hapa ndicho kilichozalisha mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja kuanzia mwaka 1994. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena. Bara kazi hiyo ni ngumu zaidi, maana hakuna bahari ya kuwazuia mbung'o wa pori la jirani wasirudi.

Jambo moja la kufanya leo: mbung'o huuma mchana na huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Ukienda na mwanao kuwaona farasi karibu na pori, acha jinzi nyumbani na uvae kaki.

Mtoto aanze akiwa na umri gani? Na mimi nimeshapita miaka arobaini, nimechelewa?

Miaka sita au saba ndipo watoto wengi huweza kukaa wima, kusikia agizo na kulitekeleza wakati huo huo. Chini ya hapo apandishwe akiwa ameshikiliwa, dakika 10 hadi 15, basi. Mtu mzima hajachelewa, ila nyonga na kiuno vyake vimekakamaa. Anahitaji kujinyoosha kabla ya kupanda, na asubuhi ya siku ya pili atatembea kama aliyepigwa. Hilo ni la kawaida na huisha siku ya tatu.

Punda atatufundisha nini?

Mengi, mradi mwenye punda amekubali na analipwa kwa muda wake. Punda wa kubeba maji au mchanga aombwe siku yake ya mapumziko, na mwenyewe awepo. Hapo mtoto atajifunza kumsogelea, kumvisha hatamu ya kamba, kumwongoza kwa kusimama begani pake na siyo mbele yake, kumpiga brashi na kuinua miguu yote minne.

Kuna tofauti mbili za kuzingatia. Farasi akishtuka hukimbia, punda husimama kama amepigiliwa misumari, kwa hiyo utulivu wa punda usiwadanganye mkadhani farasi naye atangoja. Pili, punda huficha maumivu. Punda aliyeacha kula na kuinamisha kichwa tayari ameumwa sana. Mkikuta vidonda mgongoni au chini ya mkia, msimpande wala msimpakie shogi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamlinda punda huyo pia, na mtoto anayefundishwa upendo wa farasi juu ya mgongo wenye kidonda atakuwa amefundishwa kitu kingine.

Tunamsogeleaje farasi kwa usalama?

Macho ya farasi yapo pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima isipokuwa sehemu mbili: mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Ndiyo maana mkono unaoletwa ghafla puani humshtua, na anayempitia nyuma kimya kimya hupigwa teke.

Nenda kwa mshazari kuelekea bega lake la kushoto huku ukizungumza kwa sauti ya kawaida. Simama hatua mbili kabla ya kumfikia, mwache ageuze sikio au kichwa kwako. Kisha mguse begani, na siyo usoni, kwa kiganja kilicholala. Mtoto awe upande ule ule alipo mzazi, kamwe asiwe ng'ambo ya pili, maana farasi akimkimbia mmoja wenu atamkanyaga mwingine. Ukilazimika kupita nyuma, pita umemgusa kabisa matakoni ukiwa umebanana naye, au pita mbali, mita tatu au zaidi. Katikati ya hapo ndipo teke lina nguvu zake zote.

Kamba ishikwe kwa mikunjo inayolala kiganjani. Isizungushwe mkononi, isifungwe kiunoni mwa mtoto, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Farasi wa kilo 350 akiruka, kidole kilichozungushiwa kamba hakitabaki salama.

Wakati wa kumfunga, pitisha kwanza kitanzi cha kamba nyembamba ya katani kwenye nguzo, halafu fundo la kufyatuka, lile linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, lifungwe kwenye kitanzi hicho, usawa wa juu ya mabega ya farasi, ukibakiza urefu wa mkono mmoja. Akipaniki, kitanzi kitakatika kabla shingo yake haijaumia. Katani kwetu haijawahi kuwa tatizo.

Nani afanye nini? Mwanangu anataka kila kitu afanye yeye.

Mpe kazi zake ambazo wewe huziingilii. Mtoto wa miaka minane anaweza kupiga brashi mwili, kuchana singa za shingo, kubeba maji nusu ndoo, na kuandika daftari la siku: amekula kiasi gani, amekunya mara ngapi, joto la mwili. Mzazi ashike kwato, afunge mkanda wa tandiko, na afanye kazi yoyote inayomweka mtu nyuma ya mnyama.

Kwato husafishwa kila siku kwa kulabu ya kwato. Simama begani ukitazama mkia, telezesha mkono chini ya mguu hadi juu ya kifundo, bana kidogo, sema neno lile lile kila siku. Akiinua, ondoa uchafu kutoka kisiginoni kwenda kwenye ncha, na siyo kinyume chake, ili kulabu isichome ile nyama laini yenye umbo la pembetatu iliyo katikati. Wakati wa masika angalia pembeni mwa pembetatu hiyo. Ukiona uji mweusi unaonuka kama yai viza, ukwato umeanza kuoza. Sababu ni banda lenye tope la mkojo, na dawa yoyote utakayopaka haitashinda tope hilo. Kupunguza kwato ni kila wiki 6 hadi 8, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kosa la wazazi wengi ni kusimama pembeni na kutoa maagizo. Farasi anasikia sauti mbili, mtoto naye haelewi amsikilize nani. Mwalimu akiwepo, mwalimu ndiye anayesema, na ninyi wawili ni wanafunzi.

Tunahitaji mavazi gani?

Kofia ngumu ya kupandia farasi, yenye mkanda wa kidevu. Ya bodaboda ni nzito kwa shingo ya mtoto na ya baiskeli haikuundwa kwa anguko la aina hii. Ikivaliwa bila kufungwa, ukitikisa kichwa isicheze. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye kisigino cha sentimita 2 hivi na soli isiyo na meno makubwa, ili mguu usipenye wala kunasa kwenye kikuku, kile chuma cha tandiko cha kukanyagia. Kandambili na raba za michezo hapana. Suruali ndefu isiyo na mshono mnene kwa ndani. Mama au binti anayevaa hijabu aichomeke vizuri chini ya kofia bila pini za chuma, na mtandio mrefu unaopepea ubaki nyumbani.

Siku ya kwanza ya kupanda, nini huharibika?

Mkanda wa tumbo. Farasi wengi hujaza pumzi wanapofungwa mkanda, kisha wanaitoa, tandiko linalegea, na mpandaji anazunguka nalo hadi ubavuni. Kwa hiyo mkanda hukazwa kidogo kidogo na kukaguliwa mara mbili: kabla ya kupanda, na baada ya dakika tano za kutembea. Vidole viwili vipite kwa shida kidogo.

Urefu wa vikuku hupimwa ukiwa bado chini: weka ncha za vidole pale mkanda wa kikuku unapoanzia kwenye tandiko, nyoosha mkono, kikuku kifike kwapani. Mguu uingie hadi pale unapokunjika kwenye vidole tu, kisigino kikiwa chini, na kila upande wa kiatu pabaki nafasi ya sentimita moja. Panda kutoka juu ya kitu imara, hasa wewe mtu mzima. Kujivuta kutoka chini kunapinda mgongo wa farasi.

Baada ya hapo ni hatua tu, hakuna mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, siku ya kwanza. Mtoto atalalamika. Mwache alalamike, lakini mpe kazi: asimamishe farasi kwa kujikalisha wima na kufunga vidole kwenye hatamu, bila kuvuta. Anayeweza kusimamisha mara tano mfululizo bila kuvuta mdomo amepata somo kubwa kuliko aliyekimbizwa uwanja mzima.

Mimi ni mzito. Nitajuaje farasi ananiweza?

Pima kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kifua zidisha kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880, vipimo vyote vikiwa sentimita. Kifua cha 165 na urefu wa 150 vinatoa kilo 344 hivi.

Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito huo, yaani kilo 69 kwa farasi huyo. Tandiko likiwa kilo 8, wewe unabakiwa na 61. Kwenye joto la Januari hapa kwetu, shusha zaidi. Mwachie mtoto hesabu hii aifanye mwenyewe. Ni jedwali la kuzidisha lenye masikio na mkia.

Saa gani nzuri kupanda?

Hapa jua na usubi wanagombana. Jua linasema alfajiri au jioni, usubi unasema siyo alfajiri wala jioni. Farasi aliyechanjwa na kupakwa dawa ya kufukuza wadudu atoke kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi. Jioni arudi bandani kabla jua halijakaribia kuzama, kwenye wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida, maana usubi hupenya chandarua. Baada ya kazi mwagie maji mwili mzima, tena na tena.

Tumpe chakula gani? Jirani anasema pumba na mahindi inatosha.

Jirani amfugie hivyo ng'ombe wake. Farasi ni mla nyasi, na nyasi kavu zisipungue asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, bora zifike 2. Yule wa kilo 344 anahitaji karibu kilo 7 za nyasi kavu, zikigawanywa mara tatu au nne. Maji lita 25 hadi 45, na siku za joto la kaskazi zaidi. Chumvi vijiko vikubwa viwili, zaidi kidogo akitoka jasho sana.

Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Nyasi nyingi za nchi za joto nazo zina kemikali inayoifunga kalsiamu isitumike mwilini. Ukimlisha hivyo miezi mingi, mwili unanyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa: uso unavimba, anachechemea leo mguu huu kesho ule. Ongeza alfalfa (lucerne) kavu na chokaa ya mifugo kwa kipimo cha mtaalamu, na utafute nyasi za Rhodes. Kwa mbegu za malisho, watafiti wa mifugo wa hapa hapa Tanga ndio wa kuwauliza.

Mahindi yenye kuvu ni hatari nyingine kabisa. Sumu ya kuvu hiyo huozesha ubongo wa farasi, na hakuna dawa. Usiseme "haya tuwape wanyama".

Ndani ya uzio wake kusiwe na mbarika wala mparachichi, wala mlantana. Maembe sawa, bila kokwa.

Je, vyakula na dawa za mifugo mingine vinafaa?

Viwili msisahau, kwa sababu vyote vipo kila duka la pembejeo. Chakula cha kuku chenye dawa ya kuzuia koksidia, hasa monensini, humuua farasi kwa kuharibu moyo, hata kwa kiasi kidogo. Gunia la kuku likae chumba kingine. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi isimguse: husimamisha utumbo wake na mavi yanaganda ndani. Kwa kupe uliza dawa ya kundi la pairethroidi iliyoandikwa kuwa inafaa farasi. Sindano za nagana za ng'ombe nazo zina hatari kwake, kipimo aamue daktari wa mifugo, siyo muuza duka.

Mchanga wa ufukweni una madhara?

Kukanyaga, hapana. Kula, ndiyo. Farasi anayelishwa chini kwenye udongo wa Mwambani au Pangani anameza mchanga kila siku, unatulia kwenye utumbo mpana na mwisho unaziba. Mlisheni juu ya sakafu ya saruji au kwenye beseni pana, na msimwache na njaa hadi aanze kukwangua ardhi.

Kipimo chake mtoto atakipenda. Chukueni punje tano sita za mavi mabichi kutoka juu ya rundo, zile ambazo hazijagusa ardhi. Ziweke kwenye chupa pana angavu yenye lita moja ya maji, vurugeni, subirini dakika 15. Mchanga ukijikusanya chini zaidi ya kijiko cha chai, mwiteni daktari kabla tumbo halijaanza kumsokota.

Tutajuaje anaumwa?

Jueni namba zake akiwa mzima. Joto 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, akiwa ametulia. Mapigo husikika kwa vidole chini ya mfupa wa taya. Mtoto ahesabu sekunde 15, mzazi azidishe kwa nne.

Akigeuka kuangalia ubavu, akikwangua ardhi, akilala na kuinuka, akigalagala, ni tumbo. Ondoeni chakula, maji yaacheni yabaki, pigeni simu. Mapigo yakipita 60 ni dharura. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia kitapita au kitampasua. Msimmiminie mafuta ya kula wala soda mdomoni. Huingia mapafuni, na sasa mna magonjwa mawili.

Tununue wa kwetu?

Siyo mwaka wa kwanza. Kabla ya hapo mpate daktari anayekubali kuja usiku, fundi wa kwato, mahali pa kupata chanjo ya tauni ya farasi, nyasi za miezi ya kiangazi, na mwenzake wa kuishi naye, maana farasi wa peke yake huharibika tabia. Punda anaweza kuwa mwenzake, akichunguzwa damu kwanza. Kumsafirisha kutoka mkoa mwingine kunahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, na farasi anayetoka baridi ya Kilimanjaro hajawahi kukutana na mbung'o wa huku.

Mtoto ni jasiri, mimi ndiye ninayeogopa. Nifiche hofu yangu?

Usiifiche. Mwambie wazi na upande baada yake, siyo kabla. Asipande mtu yeyote akiwa amebana pumzi. Hesabu kwa sauti au imba, pumzi itoke yenyewe. Siku usiyotaka kupanda, baki na brashi.

Ameanguka. Arudi juu hapo hapo?

Kwanza asimame mwenyewe, bila kuvutwa. Kama alipoteza fahamu hata kidogo, ametapika, au shingo inamuuma, haendi popote isipokuwa hospitali, na asisogezwe ovyo. Kama ni vumbi tu na machozi, muulize mara moja. Akikataa, amwongoze farasi kwa kamba mzunguko mmoja, amvue tandiko, ampe maji. Kofia iliyogonga chini haivaliwi tena, hata kama haina ufa.